Nimpitishe Bibi Kwenye Mnada wa Makaa ya Baraka?

Kwako Shangazi Fung, wewe ambaye mama yangu anakusoma kila Jumapili kabla hata hajafungua ukurasa wa mbio za farasi, nakuomba unishike mkono maana nimekwama, na mimi nikikwama huwa sigombani na mtu wala silii, nakaa tu nikiangalia mvua, na mvua ya mwezi huu wa saba wa kalenda yetu ya kale, mwezi wa wafu, haikatiki, na moshi wa karatasi ambazo watu wanawachomea wafu wao kando ya barabara unapanda polepole na kuingia dukani kwetu, mpaka miwani yote iliyoko kabatini inaonekana kama imesinzia.

Ndiyo, nauza miwani, hapa Kowloon, mtaa sitautaja kwa sababu wote wanaokusoma wananijua. Mchana wateja ni wachache, na kwa ajili hiyo chama chetu cha watu wenye asili ya Chiu Chow kilinipa kazi ya kujitolea kwenye mnada wa vitu vya baraka. Unaujua mnada wetu, Shangazi, ulivyokuwa zamani: hema kubwa uwanjani, opera inaimbwa upande mmoja, ubani mrefu kuliko mtu unawaka upande wa pili, na katikati wanaume wenye sauti zilizokauka wanapandisha bei ya taa, ya ndoo ya mchele, ya tangawizi, na ya yale makaa yaliyofungwa karatasi nyekundu tunayoyaita dhahabu nyeusi, ambayo ndiyo hupewa heshima kuliko vyote. Ukishinda unaondoka na kitu chako siku ile ile na hulipi hata senti, kwa sababu baraka inakwenda nawe nyumbani kwanza, inakufanyia kazi mwaka mzima, halafu mwezi wa saba wa mwaka unaofuata ndipo unaleta pesa, na pesa hizo ndizo zinazonunua mchele wa wazee wa mtaa. Hakuna aliyeulizwa kama anazo. Kumuuliza hivyo mtu aliyenyoosha mkono mbele ya mungu ilikuwa sawasawa na kumtukania mama yake.

Lakini ule ugonjwa ulipokuja, uwanja ukafungwa na mnada ukahamia kwenye simu, na ulipohamia kwenye simu wakaja na watu tusiowajua sura. Mwaka juzi mmoja wao alishinda makaa kwa bei ambayo hata wenye maduka ya samaki wakavu waliguna, na mwaka jana tulipompigia alete pesa, namba haipo, jina halipo, mtu hayupo. Mchele ukapungua. Mimi nilikuwa pale nagawa, nikawaona wazee wa mwisho wa foleni wakiikunja mifuko yao mitupu vizuri kabisa, kama mtu anavyokunja shuka, wakageuka na kwenda zao.

Ndiyo maana mwaka huu kuna sheria. Anayetaka kushindana lazima athibitishwe kwanza kwamba ataweza kulipa: ama benki yake izuie amana kidogo kwenye kadi, ama mwanachama amdhamini kwa jina lake. Akishathibitishwa naweka alama ya kijani mbele ya jina lake na simu yake inamruhusu kupandisha bei, asipokuwa nayo anaangalia tu wenzake wanavyopandisha. Na wa kuuliza maswali hayo ni mimi. Mwenyekiti wetu, Bwana Ma, aliniambia, "Wewe una sauti ya kubembeleza watoto. Ukiwauliza wewe habari za benki, watadhani unawauliza wamekula nini."

Nakwambia kweli, Shangazi, nimeipenda kazi hii kuliko ninavyopaswa. Napiga simu nikiwa nimefumba macho, nasikia nyumba za watu, samaki anakaangwa, kasuku anaita jina la mtu, vipande vya mahjong vinachanganywa mezani kama mvua ya mawe ya mbali, na sauti ya mzee mmoja inanihesabia kadi zake huku mkewe akisema kwa nyuma, "Mwambie na ile uliyonificha!" Nacheka, naweka alama ya kijani, nafumbua macho, na mtaa wote unaonekana mlaini kama nauangalia kwa miwani ya mtu mwingine.

Ndipo akapiga Bibi Suet-ngo. Sikumpigia mimi, alipiga mwenyewe. Huyu bibi anakaa peke yake ghorofa ya juu ya duka letu, na kila mwaka mchele wake nampandishia mimi kwa sababu miguu yake haiwezi foleni. Najua sufuria zake. Najua kwamba chai anayoniwekea ni majani ya asubuhi aliyoyarudia.

"Shikamoo Bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu wa miwani. Nimesikia mpaka uniwekee kitu cha kijani. Niwekee basi. Nataka makaa."

"Bibi, makaa ndiyo ghali kuliko vyote."

"Kwani nimekuuliza? Ningetaka rahisi ningekwenda sokoni nikanunua tangawizi."

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikaisikia feni yake inavyokwaruza. Halafu akaniambia kwamba baada ya sikukuu za mwaka mpya watampasua moyo, kuna mlango mmoja humo ndani haufungi sawasawa, na kwamba anaogopa. Alilisema hivyo hivyo, "Naogopa," kama mtu anayesema mvua inanyesha. Kisha akaniambia habari ya marehemu mumewe, aliyekuwa na mapafu mabovu, ambaye daktari alimwambia hatafika mbali, naye akaenda hemani akashinda taa, na mwaka uliofuata akaja kulipa akashinda tena, akawa hivyo, analipa la zamani anachukua jipya, miaka na miaka, daktari akafa kabla yake. Mwaka wa kwanza ambao hema halikujengwa, mnada ukiwa bado haujaingia kwenye simu, hakupata cha kushindania. Majira ya baridi yaleyale akaondoka.

"Sasa nieleze wewe uliyesoma," akasema. "Mungu gani mwenye akili atamruhusu mtu anayemdai afe?"

"Lakini Bibi, si lazima yawe makaa. Kuna vitu vidogo."

"Deni la tangawizi atanisamehe. Atasema, masikini, mwacheni apumzike. La makaa hasamehi."

Shangazi, nilipaswa kumuuliza maswali yangu pale pale, una kadi gani, nani atakudhamini, lakini sauti ile ilinipeleka mbali, nikamwona mwakani, mzima, amekaa kwenye kiti chake cha mwanzi anamenya balungi na maganda yanamjaa mapajani, na jua limemwangukia mabegani, na nilipozinduka nilikuwa nimeshasema, "Sawa Bibi, nitaangalia." Akasema asante, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupewa.

Toka siku ile sijalala vizuri. Mwenyewe najua hana, mtu ninayempelekea mchele wa msaada atatoa wapi pesa za makaa? Nikiweka alama ya kijani kwa uongo atashinda, maana anao moyo wa kupandisha mpaka wenye maduka wakimbie, na mwakani itakuwa yaleyale ya mifuko mitupu, na wake ukiwemo. Nilijaribu kumzunguka Bwana Ma, nikamuuliza kama kwa utani, je akiwa mzee, na hana? Akanijibu bila kuinua macho kwenye bakuli lake la uji, "Hana, hapiti. Na usiniletee machozi hapa, yule mzee wa mwisho kwenye foleni hukumwona mwenyewe?" Nilimwona.

Nikawaza kumdhamini mimi. Nina akiba, lakini ni ya arusi yetu, na nilipomwambia mchumba wangu aliniuliza, "Kwa hiyo tunamwoa Bibi?" Si mtu mbaya, Shangazi, ana mdomo tu. Alisema nikiamua atakubali, na hilo ndilo lililonitia uzito zaidi.

Na nikimkatalia, si nimemnyang'anya mwaka wake? Nampenda yule bibi. Simu yake ikiita siku hizi naiacha iite, naiangalia inavyotetemeka juu ya kioo cha kabati katikati ya miwani, mpaka inyamaze. Mnada unafungwa mwisho wa mwezi huu, siku ya kuwaaga wafu. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mwenye Alama ya Kijani

*

Mwenye Alama ya Kijani,

Kwanza pokea hiyo simu. Ukimaliza kuongea naye rudi usome yaliyobaki, mimi sina haraka, yeye ndiye mwenye haraka.

Umerudi? Haya. Barua yako ni nzuri, niliisoma mpaka nikausikia moshi puani, na ndicho kinachonikasirisha. Kuna mwanamke mzima anaogopa kisu cha daktari, amekueleza kwa neno moja lisilo na pambo, na wewe umekaa unamchorea balungi. Amka, mwanangu. Una roho nzuri, lakini roho nzuri iliyofumba macho inakanyaga watu.

Umewauliza wenye maduka, wazee wa mahjong, hata yule aliyemficha mkewe kadi. Bibi Suet-ngo hukumuuliza. Kwa nini? Unajiambia ni heshima. Si heshima. Umeshaamua mwenyewe kilichomo mfukoni mwake kwa sababu unampandishia mchele. Umejuaje kwamba hana hata kidogo? Umeonja chai ukafunga hesabu! Swali lile wanaulizwa wote ili pasiwe na anayetukanwa. Ukimruka mmoja, huyo mmoja ndiye uliyemtukana, na akijua kwamba umemruka ataumia kuliko vile angeumia kwa kuambiwa hapana.

Bwana Ma ana ulimi wa msumeno, lakini kwenye mchele yuko sawa. Alama ya uongo usiweke. Usiniambie utaiweka kwa huruma. Utakuwa umewaibia wale wanaokunja mifuko, na zaidi ya hapo utakuwa umemsimamisha bibi wa watu mbele ya mungu wake akiahidi asichonacho. Anaamini deni linamshika mtu duniani, sivyo? Deni ambalo tangu mwanzo halilipiki linamfanya nini anayeamini hivyo? Atalala na hofu mbili badala ya moja.

Sasa hiyo akiba ya arusi. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini nikacheka peke yangu, samahani. Fuata hesabu ya Bibi mwenyewe: mungu humwacha hai yule anayemdai. Pesa zikiwa zako, anayedaiwa ni nani? Wewe! Utakayefika mwakani bila wasiwasi ni wewe, mwuza miwani, na mafua hayatakupata, na Bibi atakuwa hana kinachomshika hata uzi. Kamweleze hivyo hivyo. Nakuhakikishia ataelewa kabla hujamaliza sentensi, na huenda akakufukuza na akiba yako. Na huyo mchumba usimwache. Mwanamume anayetania halafu akakubali, huyo anafaa.

Utakachofanya ni hiki. Panda juu kwake, kwa miguu yako, mchana, na usiende na mchele. Kaa. Kunywa hiyo chai ya majani yaliyorudiwa na usifanye sura. Muulize kama unavyowauliza wengine, lakini uso kwa uso: Bibi, mwakani unaweza kuleta kiasi gani bila kuacha dawa na bila kuacha kula? Kisha funga mdomo. Atatafuta kichwani, pengine atafungua mkebe, pengine atakutajia kitu kidogo mpaka kitakutia aibu. Kipokee kama kilivyo. Usikiongeze kwa kumwonea huruma, usikipunguze kwa kujifanya unamjali. Huo ndio uwezo wake, nawe kazi yako ni kuuthibitisha.

Ukishaujua, nenda kwa Bwana Ma na umkumbushe jambo ambalo analijua kuliko wewe, ila bakuli la uji lilimzuia kulisema. Kwenye hema la zamani si kila makaa yalikwenda kwa mtu mmoja. Majirani walikuwa wakiyachangia, sinia moja la makaa lina wadaiwa saba, kila mmoja na fungu lake, na mwakani kila mmoja analeta la kwake kwa mkono wake. Nimeyaona kwa macho yangu, baba yangu alikuwa na fungu lake pamoja na wauza bata. Kwa nini mmehamia kwenye simu mkaacha jambo zuri kama hilo uwanjani? Waite majirani wa ngazi yenu. Kila mmoja athibitishwe kwa fungu lake tu, na kila fungu liwekewe kikomo ili Bibi na moyo wake wa kupandisha asiwaburute wenzake. Jina lake liandikwe lake, si chini ya jina la mtu. Mkishindwa na mwenye duka la samaki wakavu, basi mtakuwa mmeshindwa kihalali, na Bibi ataingia kwenye hiyo tangawizi anayoidharau.

Atakwambia la tangawizi linasamehewa. Mjibu bila kupepesa macho: Bibi, mungu anayekaa mwaka mzima akisubiri pesa ya tangawizi, huyo unamwonaje, ni wa kusamehe? Atacheka. Akicheka, umuulize lililo kubwa kuliko mnada wote, nalo hukuliandika popote katika barua yako ndefu. Nani atampeleka hospitali? Nani atamshikia viatu wakati anavalishwa gauni lile la kufungwa mgongoni, nani atakuwa kwenye benchi akitoka? Kama hakuna, basi ni wewe, na mwenye mdomo abebe chupa ya supu. Mambo ya moyo na mlango usiofunga waachie madaktari, lakini benchi lile lisiwe tupu.

La mwisho, halafu nikuache urudi kwenye mvua yako. Umenieleza habari ya marehemu mumewe na wewe mwenyewe hukuisikia. Mimi sijui miungu inavyohesabu. Ninachojua ni kwamba kila mwaka mtu yule alikuwa na hema zima linaloangalia mlangoni likisema, bado hajaja, anakuja, yule pale. Mwaka mmoja hapakuwa na aliyekuwa akimsubiri popote. Bibi Suet-ngo amekaa peke yake juu ya duka lako anatafuta deni kubwa, na si ukubwa anaoutaka. Anataka mtu ambaye mwakani, mwezi wa saba, atapanda zile ngazi kuja kumdai. Mwambie mtu huyo ni wewe, na kwamba husamehi.

Shangazi Fung